Jiji Hili ni la Nani? Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Utawala wa Dar es Salaam

Dar es Salaam ina wanahistoria wengi kuliko vitabu vyake vya historia. Wapo kwenye foleni ya pantoni Kivukoni, wapo kwa vinyozi wa Mtaa wa Sikukuu, wapo kwenye makundi ya simu kila serikali inapogusa mipaka ya wilaya. Wanasema kwa uhakika mkubwa nani aliujenga mji huu, lini ulikuwa jiji, lini ulipoteza makao makuu na nani mwenye mamlaka nao. Baadhi ya wayasemayo ni kweli nusu, baadhi si kweli kabisa. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, mengine kwa kirefu na mengine kwa maneno machache, maana hayana uzito mmoja.

Niseme mapema msimamo wangu, asije mtu akaniuliza mwishoni. Kosa linalorudiwa katika karibu hoja zote hizi ni kudhani kwamba Dar es Salaam imekuwa kitu kimoja tangu mwanzo, na kwamba kitu hicho kilikuwa mikononi mwa wakazi wake. Rekodi inaonyesha vingine. Kuanzia Sultani hadi Rais, aliyechora mpaka wa mji huu mara nyingi aliuchora kutoka juu, na wakazi wakapewa taarifa baadaye.

"Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani."

Ushahidi wa kuipinga hoja hii umesimama Barabara ya Sokoine, ukitazama bandari. Boma la Kale lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, miaka ishirini kabla kampuni ya Wajerumani haijafungua kituo chake hapa mwaka 1887. Nyumba ya Atiman, jirani yake, ni ya zama hizohizo. John Kirk, aliyekuwa daktari katika ubalozi wa Uingereza kule Unguja, aliandika mwaka 1866 kwamba Sultani alikwisha kuanza ujenzi mahali hapa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Majid alitaka bandari ya kina, iliyokingwa na upepo, itakayovuta biashara ya misafara iliyokuwa ikishukia Bagamoyo na Kilwa.

Alifariki Oktoba 1870 na ndoto yake ikakwama. Ndugu yake Barghash, aliyerithi kiti, hakuwa na hamu ya kuendeleza mji wa marehemu. Majengo mengi yakaachwa yaoze kwa mvua za masika. Hata hivyo mji haukufa. Wafanyabiashara wa Kihindi walibaki, wavuvi walibaki, na mwaka 1877 ilianza kutengenezwa barabara ya kuelekea Ziwa Nyasa kwa fedha za Mwingereza William Mackinnon. Barabara hiyo ilisimama mwaka 1881 bila kufika popote pa maana, lakini hakuna anayeanzishia barabara kwenye pori tupu.

Wajerumani wana lao, na tusiwanyime. Wao ndio walioufanya mji huu kuwa makao makuu ya koloni mwaka 1891, wakaihamisha serikali kutoka Bagamoyo ambako maji ya ufukweni ni mafupi na meli kubwa hutia nanga mbali. Wao ndio walioanza reli ya kati hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Hospitali ya Ocean Road ni ya mwaka 1897, na makanisa mawili yanayoonekana kutoka baharini yalikamilika mwaka 1902. Walikuta mji uliolala wakauamsha kwa faida yao. Kuamsha na kujenga ni kazi mbili.

"Basi kabla ya Majid palikuwa pori."

Hii ndiyo hoja ya wale wanaokimbia ya kwanza na kujikwaa kwenye ya pili. Kabla ya Majid palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima upande wa Ocean Road ya leo. Washomvi, wanaosimulia asili yao kutoka Barawa, waliishi pwani pamoja na Wazaramo, wenyeji wa ndani, na kati ya jamaa hao wawili kulikuwa na makubaliano ya muda mrefu ya chumvi, ushuru na ulinzi. Walikuwa na majumbe wao, na Wazaramo walikuwa na kiongozi aliyeitwa Pazi. Majid hakushuka na kuanza kuchimba msingi. Ilibidi aelewane na wenye nchi.

Ukitaka kuona ukale wenyewe, panda daladala hadi Kunduchi. Pale kuna gofu la msikiti na makaburi yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Hizo bakuli zilifika kwa njia ya bahari muda mrefu kabla Sultani hajaota mji wake. Watu waliokuwa na uwezo wa kuagiza vyombo vya Kichina na kuvipachika makaburini mwa wazee wao walikuwa na utawala, walikuwa na sheria za urithi, walikuwa na watu wa kutoza na kutozwa. Hawakuwa na karatasi yenye muhuri, basi.

Na karatasi zilipokuja zilikuja na bei. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni nne kwa ajili ya ukanda wote wa pwani uliokuwa chini yake, kutoka Tanga hadi Mikindani, Dar es Salaam ikiwemo. Washomvi na Wazaramo hawakuwa mezani. Huo ndio ubadilishaji wa kwanza wa utawala wa mji huu ulioandikwa kwa tarakimu, na wakazi walikuwa sehemu ya bidhaa.

"Kariakoo ilijiotea yenyewe, ni mtaa wa wenyeji tangu asili."

Hakuna mtaa wa Dar es Salaam uliopangwa kwa rula kama Kariakoo. Simama kwenye makutano ya Msimbazi na Uhuru, tazama jinsi mitaa ya Kongo, Swahili na Sikukuu inavyokwenda sambamba kama mistari ya daftari, kisha uniambie kama hicho ni kitu kilichojiotea.

Historia yake ni hii. Tangu mwaka 1891 Wajerumani walikuwa na kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa mashariki, kando ya bandari na bahari, ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Hawakuhitaji kuandika neno la rangi. Masharti ya ujenzi yalitosha kumzuia asiye na fedha. Huko ndiko Kivukoni ya leo, na ndiyo maana hadi sasa ukipita pale unaona majumba yenye varanda pana, miti mikubwa na viwanja visivyobanana. Upande wa magharibi kulikuwa na shamba la minazi la Mjerumani aliyeitwa Schöller. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ililinunua shamba hilo, ikalipima viwanja ili Waafrika wahamishiwe huko. Vita vikaingia kati. Waingereza walipouteka mji tarehe 4 Septemba 1916 waliweka pale kambi ya kikosi chao cha wapagazi, na jina la kikosi hicho, likitamkwa Kariakoo, ndilo lililobaki kwenye midomo ya watu.

Baada ya vita Waingereza waliendeleza palepale Wajerumani walipoachia. Waliugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza kwa Wazungu, ya pili ya biashara ambako Wahindi walikuwa wengi, ya tatu kwa Waafrika, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya kanda ya pili na ya tatu walisafisha uwanja mpana usiojengwa. Wakasema ni kwa ajili ya afya. Ndio Mnazi Mmoja, pale tunapofanyia mikutano na kupumzika jioni tukidhani tulipewa bustani.

Kwa hiyo Kariakoo ni zao la ofisi. Lakini, na hapa nawapa wenzangu wa hoja hii haki yao, kilichofanywa ndani ya ile mistari hakikutoka ofisini. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, mpangaji mmoja kila chumba, genge barazani na uwani kisima na mapishi, hiyo ni akili ya wakazi. Serikali ya kikoloni ilitaka kanda ya kulaza vibarua. Wakazi wakaifanya soko, ukumbi wa dansi, ofisi ya chama na msikiti. Chama cha Waafrika cha mwaka 1929 kilijenga nyumba yake huko, Mtaa wa New Street, leo Lumumba, na ndani ya nyumba hiyo chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954.

Soko lenyewe tunalolijua, lile jengo la Beda Amuli lenye mapaa kama miavuli iliyopinduliwa, lilifunguliwa mwaka 1975. Linaendeshwa na shirika lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974. Kumbuka jambo hili. Nitalirudia nitakapofika kwa meya.

"Mwafrika hakuwa meya wa Dar hadi baada ya uhuru."

Fupi: Sheikh Amri Abedi alikuwa meya wa Dar es Salaam mwaka 1960. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961.

Wengi wanamjua Amri Abedi kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, au kwa uwanja wa mpira wa Arusha uliobeba jina lake, na wanashangaa wakiambiwa aliwahi kuvaa joho la umeya. Alizaliwa Ujiji. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 angali kijana.

Kirefu kidogo: mji ulipewa hadhi ya mji mdogo mwaka 1920, na kwa karibu miaka thelathini haukuwa na meya wala baraza lenye nguvu. Waafrika walitawaliwa kwa mkono mwingine, wa liwali na majumbe waliowajibika kwa Mkuu wa Wilaya Mwingereza. Mwaka 1949 ndipo ilipoundwa manispaa yenye meya na madiwani, na madiwani hao wa mwanzo waliteuliwa na Gavana. Kwa hiyo anayesema Waafrika hawakuwa na kura katika mji huu kwa miaka mingi yuko sahihi. Anayesema hawakuwa na sauti amekosea, maana Septemba 1947 makuli wa bandarini waligoma, mgomo ukapanda reli hadi bara, na serikali ikalazimika kusikiliza mishahara ikizungumzwa. Hawakuhitaji ukumbi wa baraza kwa hilo.

"Jiji limekuwepo bila kukatika tangu 1961."

Hoja hii huwa inatoka kwa watu wenye nia njema, wanaotaka kutetea heshima ya mji wao. Kwa bahati mbaya ndiyo dhaifu kuliko zote.

Ni kweli kwamba Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Miaka kumi baadaye likaja jambo lililoitwa Madaraka Mikoani. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya, kisha za miji, ikaweka mahali pake watumishi wa wizara walioshushwa mikoani na wilayani. Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilifutwa pamoja na mengine. Mji ukawa mkoa wenye wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, zikiongozwa na maofisa. Diwani hakuwepo. Meya hakuwepo. Kwa miaka kadhaa mji mkubwa kuliko yote nchini haukuwa na serikali yake wenyewe hata kwa jina.

Matokeo yake hayahitaji nadharia. Mji uliokuwa na watu 272,821 katika sensa ya mwaka 1967 ulikuwa na watu 843,090 katika sensa ya mwaka 1978. Wakati watu wanaongezeka mara tatu, chombo cha kuzoa taka, kuzibua mitaro na kupima viwanja kilikuwa kimeondolewa, na kazi zake zikagawanywa kwa ofisi ambazo hakuna hata moja iliyoulizwa na mpiga kura. Barabara zilichimbika, taka zikarundikana, na kipindupindu kilichozuka nchini katika miaka hiyo kikawakumbusha wakubwa kwamba choo na mtaro ni mambo ya utawala. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikaja sheria mbili kamili, moja ya serikali za mitaa za wilaya na nyingine ya miji, ambazo hadi leo ndizo msingi wa halmashauri zetu.

Basi jiji likarudi, likakaa, likaharibika. Katikati ya miaka ya 1990 lawama zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza lote na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ile ilifanya kazi hadi mwaka 2000. Wakazi wa umri wangu wanaikumbuka kwa uzuri: taka zikapewa wakandarasi, mapato yakaanza kuonekana, barabara za katikati zikatiwa viraka. Keenja mwenyewe akatoka pale akaenda kugombea ubunge Ubungo, akashinda, akawa waziri.

Mimi nakubali kwamba mitaa ilisafishika. Sikubali funzo ambalo watu hulitoa hapo, eti mji unaendeshwa vizuri zaidi bila madiwani. Tume ilikuwa na kitu ambacho baraza halikuwahi kupewa: kuungwa mkono na serikali kuu moja kwa moja na uhuru wa kukata mizizi. Wape madiwani vitu hivyo viwili kisha tulinganishe.

Mwaka 2000 Tume iliondoka na badala ya baraza moja yakaja manne: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji yenye kazi ya kuratibu mambo yanayovuka mipaka. Katikati ya muongo uliopita Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, manispaa zikawa tano. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi jiji hili limekufa na kufufuka tangu 1961, halafu turudi kwenye neno "bila kukatika".

"Makao makuu yalihamia Dodoma mwaka 1973, Dar ikashuka."

Mwaka 1973 kilichopitishwa na TANU kilikuwa uamuzi, na chombo cha kuujenga mji wa Dodoma, CDA, kikaundwa mwaka huohuo. Wizara zikabaki Kivukoni na Magogoni. Bunge ndilo lililotangulia kwenda. Serikali ilianza kuhama kwa kweli baada ya tamko la Rais John Magufuli la Julai 2016, Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Septemba mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Kati ya uamuzi na sheria ni miaka 45. Mtoto aliyezaliwa siku ya uamuzi ana wajukuu.

Wala si mara ya kwanza mji huu kunyang'anywa hadhi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kijerumani ilikimbilia bara, Tabora ikashika nafasi ya makao makuu hadi Wabelgiji walipoiteka Septemba 1916. Dar es Salaam ikarudishiwa kiti chini ya Waingereza, ambao walijenga upya jumba la gavana lililokuwa limepigwa mizinga na meli zao wenyewe. Jumba hilo ndilo Ikulu ya Magogoni.

Historia ya miji mingine pia inashauri tusiwe na haraka. Beijing, iliyokuwa kiti cha wafalme wa enzi za Ming na Qing, ilinyang'anywa hadhi ya makao makuu mwaka 1928 serikali ilipohamia Nanjing, na hata jina ikabadilishiwa, ikaitwa Beiping. Mwaka 1949 ikarudishiwa vyote viwili. Kwa upande mwingine Lagos iliiachia Abuja mwaka 1991 na haijarudishiwa, lakini hakuna Mnaijeria atakayekuambia Lagos imeshuka. Dar es Salaam inafanana zaidi na Lagos. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huu una watu 5,383,728, na bandari haikuhamia Dodoma.

"Magufuli alilifuta Jiji, kwa hiyo Dar si jiji tena."

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu wanaosema hivi na wanaowajibu wote huwa wanapotea.

Tarehe 24 Februari 2021, siku ileile aliyozindua stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile ya uratibu, na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kilichofutwa ni ngazi moja. Kilichobaki ni jina, likahamishiwa kwenye eneo dogo kuliko mwanzo. Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki kama zilivyo, na Wilaya ya Ilala ikabaki na Mkuu wake wa Wilaya.

Kwa hiyo jiji lipo. Lina watu 1,649,912 kwa sensa ya 2022, chini ya theluthi moja ya watu wa mkoa. Na ramani yake ina vichekesho. Masaki na Oysterbay, wanakokaa mabalozi, haziko katika Jiji la Dar es Salaam, ziko Kinondoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakiko ndani ya Jiji la Dar es Salaam, kiko Ubungo. Lakini Chanika na Msongola, ambako bado utaona mihogo na mikorosho, ni jijini kabisa. Mkazi wa Kivukoni akipanda pantoni kwenda kununua samaki kwa jamaa zake ng'ambo, anatoka jijini na kuingia manispaa nyingine kabla hajamaliza kahawa yake.

Wanaoona ajabu hiyo ni ya Tanzania peke yake waangalie London. Katikati ya mji ule kuna eneo dogo lenye meya wake na baraza lake la tangu zama za kati, na ndilo lenye jina la Jiji la London, wakati mamilioni ya watu wanaokaa nje yake nao ni watu wa London. Tena baraza kuu la London yote lilifutwa mwaka 1986, na kwa miaka kumi na minne mji ule ukakaa bila chombo cha kuuratibu, hadi kilipoundwa kingine mwaka 2000. Sababu za kulifuta zilikuwa na siasa ndani yake kuliko usafi wa mitaro.

Swali la maana kuhusu Februari 2021, kwa maoni yangu, halihusu jina. Serikali ilisema ngazi ile ilikuwa inakula posho bila kuwa na wananchi wake wa kuwahudumia moja kwa moja, na hilo lilikuwa na ukweli. Lakini mto Msimbazi haujui mpaka wa Ilala na Kinondoni. Ukifurika pale Jangwani unafurikia pande zote. Mabasi ya mwendokasi yanavuka manispaa, taka zinavuka, maji machafu yanavuka. Ngazi ya uratibu ilipoondolewa, uratibu wenyewe haukuondoka. Ulipanda kwa Mkuu wa Mkoa na wizara, yaani kwa watu ambao hakuna mkazi wa Dar aliyewapigia kura kwa kazi hiyo. Hapo ndipo penye hasara.

"Meya ndiye mwenye jiji."

Laiti ingekuwa hivyo. Meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, siyo na wananchi. Anaongoza vikao, anavaa mkufu, anapokea wageni. Anayeshika fedha na watumishi ni Mkurugenzi, na huyo huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Isaya Mwita wa Chadema, aliyechaguliwa meya wa Jiji mwaka 2016 baada ya upinzani kupata viti vingi, alitumia muda mwingi wa umeya wake akijifunza mpaka huo, na mwaka 2020 akaondolewa.

Turudi Kariakoo sasa. Soko kuu lilipoungua Julai 2021, mamlaka juu ya shirika lake ilikuwa serikali kuu, na serikali kuu ndiyo iliyochunguza na kutoa fedha za kulijenga upya. Mei 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka kupinga namna wanavyotozwa kodi, mitaa ya Kongo na Msimbazi ikawa kimya saa za biashara, aliyekuja Mnazi Mmoja kukaa nao na kuwasikiliza alikuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Juni 2024 wakafunga tena. Madai yao makubwa yalikuwa ya mamlaka ya mapato ya taifa, na meya hana neno la kuiambia mamlaka hiyo. Duka liko katika kata, kata ina diwani, diwani ana baraza, baraza lina meya, na kodi inayomuumiza mwenye duka haipiti kwa yeyote kati yao.

Hukumu yangu kwa hoja hii ni kwamba imegeuza mambo chini juu. Dar es Salaam imewahi kuwa na Sultani, kampuni, magavana wa mataifa mawili, maofisa wa mikoa, tume na halmashauri za kila umbo, na katika muda wote huo mkazi hajawahi kupiga kura ya moja kwa moja kumchagua mkuu wa mji wake. Sheria ya serikali za mitaa za miji inaweza kurekebishwa na Bunge, kama ilivyokwisha kurekebishwa mara nyingi. Mgombea ubunge wa jimbo lolote kati ya majimbo ya mkoa huu akija kuomba kura yako, muulize kama yuko tayari kupeleka muswada wa meya anayechaguliwa na wananchi, na usikubali akujibu kwa habari za barabara.